Wingi wa watu si mtaji bila benki na forodha

MTAJI wa maskini ni nguvu zake mwenyewe, husema wahenga. Msemo huo umehamia hata katika mikutano ya uwekezaji, ambako nchi yenye vijana wengi wasio na kazi huelezwa kuwa imekalia hazina, na kwamba wenye viwanda watakuja wenyewe wakifuata mishahara midogo. Mfanyabiashara anayefikiria kufungua kiwanda, au mwekezaji mdogo anayetaka kununua hisa za kampuni ya namna hiyo, hana budi kujiuliza kama hesabu hiyo imekamilika. Uzoefu wa Bangladesh, nchi iliyoanza na watu wengi na karibu bila kitu kingine, unaonyesha kuwa haijakamilika.

Nadharia yenyewe ni ya Arthur Lewis, mchumi mzaliwa wa St Lucia, ambaye mwaka 1954, akiwa Chuo Kikuu cha Manchester, aliandika makala kuhusu maendeleo ya nchi zenye nguvukazi tele. Mwaka 1979 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Theodore Schultz. Lewis alieleza kwamba katika nchi hizo wapo watu wengi mashambani, katika uchuuzi na katika kazi za nyumbani, ambao hata wakiondoka uzalishaji hautapungua sana. Mwenye mtaji anaweza kuwaajiri kwa ujira unaozidi kidogo kile wanachopata huko. Faida ikirudishwa katika biashara, kiwanda cha pili kinajengwa na kuajiri wengine, mpaka ziada ya watu imalizike. Hapo ndipo mishahara huanza kupanda.

Wengi wanaomtaja Lewis huishia kwenye ujira mdogo. Lakini kinachosukuma hoja yake ni faida inayorudishwa. Na kabla faida haijapatikana, sharti pawe na kitambaa, cherehani, fundi anayejua kazi na mnunuzi aliyetoa oda.

Bangladesh ilipata uhuru mwaka 1971 baada ya vita, na mwaka 1974 ikakumbwa na njaa kubwa. Watu wa kuajiriwa kwa ujira mdogo walikuwapo tele. Hata hivyo, hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 viwanda vya kushona nguo za kuuza nje vilikuwa karibu havipo.

Mabadiliko yalianzia mbali. Mwaka 1974 nchi tajiri zilikubaliana kuweka viwango vya kikomo kwa nguo zinazotoka katika nchi zinazoendelea, na Korea ya Kusini ikabanwa. Kampuni ya Daewoo ya huko ikawa inatafuta nchi ambayo haijawekewa kikomo. Ilikubaliana na kampuni ya Desh ya Bangladesh, iliyoanzishwa na Nurul Quader, ofisa mstaafu wa serikali. Mwaka 1979 Desh ilipeleka wafanyakazi 130 mjini Busan kujifunza kushona, kukagua ubora, kusimamia kiwanda na kutafuta soko. Mwaka 1980 kiwanda kikaanza kazi Chittagong.

Ujuzi peke yake usingetosha. Kampuni changa haikuwa na fedha za kigeni za kununulia vitambaa Korea au Hong Kong. Ufumbuzi uliopatikana ulikuwa wa kibenki. Mnunuzi wa Ulaya au Marekani anapoagiza mashati, benki yake hufungua hati ya dhamana ya malipo, ile ambayo wafanyabiashara huiita LC, kwa jina la kiwanda. Kiwanda huipeleka LC hiyo kwenye benki ya Bangladesh, nayo, kwa kuitumia kama dhamana, hufungua LC ya pili kwa muuza vitambaa. Vitambaa vinaingia, vinashonwa na mashati yanasafirishwa. Malipo yanapofika, benki inakata deni la vitambaa na kinachobaki ni cha kiwanda. Kwa maneno mengine, oda yenyewe ndiyo iliyokuwa mtaji.

Upande wa forodha, serikali iliruhusu vitambaa hivyo viingizwe katika ghala maalumu bila kulipiwa ushuru, kwa sharti kwamba vitatoka tena vikiwa nguo za kwenda nje. Uzito wa utaratibu huo unaonekana katika hesabu ndogo ya mfano. Tuchukulie shati linauzwa dola 5, na kitambaa pamoja na vifungo vyake ni dola 3.50. Inabaki dola 1.50 kwa ajili ya mishahara, umeme na faida. Forodha ikidai ushuru wa asilimia 50 juu ya kitambaa, hiyo ni dola 1.75. Kiwanda kitapata hasara ya senti 25 kwa kila shati hata kama wafanyakazi watashona bure. Ni dhahiri kwamba hakuna mshahara mdogo kiasi cha kufidia ushuru wa namna hiyo.

Taratibu hizo mbili ziliwafaa wengi kuliko Desh yenyewe. Kati ya wale 130 waliofundishwa Korea, 115 waliondoka katika miaka ya 1980, wakaanzisha viwanda vyao au kujiunga na vingine. Kufikia mwaka 1985 mauzo yalikuwa yamekua kiasi kwamba Marekani iliiwekea Bangladesh kikomo pia. Mfumo wa vikomo ulipofutwa Januari 2005, ilitabiriwa kwamba China ingeimeza sekta hiyo. Haikuwa hivyo. Leo nguo ni zaidi ya asilimia 80 ya mauzo ya nje ya Bangladesh, na viwanda vyake vimeajiri watu wapatao milioni 4, wengi wao wanawake. Yote hayo katika nchi ambayo karibu pamba yake yote inatoka nje.

Hata hivyo, hesabu hiyo ina upande wa pili ambao mwekezaji akiuruka atakuja kuulipia. Kima cha chini cha mshahara katika viwanda vya nguo kilibaki taka 930 kwa mwezi kuanzia mwaka 1994 hadi 2006. Kiliongezwa hadi taka 3,000 mwaka 2010, 5,300 mwaka 2013 na 12,500 mwishoni mwa mwaka 2023, na mara kwa mara nyongeza zilitanguliwa na migomo na maandamano. Pale ambapo kila anayeondoka ana mwenzake anayesubiri langoni, soko peke yake halipandishi ujira haraka.

Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, lililokuwa na viwanda vya nguo huko Savar karibu na Dhaka, liliporomoka na kuua watu 1,134. Nyufa zilionekana siku moja kabla, lakini wafanyakazi wakaamriwa kurudi kazini. Baadaye kampuni nyingi za Ulaya zilitia saini mkataba wa ukaguzi wa majengo, na viwanda vikalazimika kugharamia milango ya moto na kuimarisha nguzo. Fedha zilizodhaniwa kuwa zimeokolewa zililipwa baadaye, kwa mkupuo, na baada ya watu kupoteza maisha.

Kwa Afrika Mashariki, maeneo ya viwanda vya kuuza nje si jambo geni. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 1990 na Tanzania mwaka 2002, na Marekani ilifungua soko lake kupitia sheria ya AGOA ya mwaka 2000. Pamoja na hayo, sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania bado inasafirishwa ikiwa marobota, wakati Bangladesh inanunua pamba na kuuza mashati. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa kwa wingi wa watu, kwa kuwa vijana wanaotafuta kazi hawakosekani Mwanza wala Shinyanga.

Kwa hiyo, anayeletewa mradi unaosifiwa kwa vibarua vya bei nafuu anafaa kuanza na maswali mengine. Je, benki itakubali oda ya mnunuzi kama dhamana, au itadai hati ya nyumba? Kitambaa kitatoka bandarini kwa siku ngapi, na bila ushuru? Wasimamizi wamefundishwa na nani? Faida ya miaka ya mwanzo itanunua mashine au itagawanywa yote kama gawio? Na jengo limekaguliwa lini? Kampuni yenye majibu ya maswali hayo inaweza kulipa mishahara mizuri na bado ikapata faida. Ambayo haina majibu, mwenye fedha zake hatapungukiwa kitu akisubiri.