Pizza ya ubao nusura iniharibie ukweni

Wiki hii nina kisa, na ndani ya kisa mna mapishi. Ukisoma nusunusu utaunguza jiko la watu, hivyo tulia.

Jumamosi iliyopita nilipanda treni ya umeme Dar mpaka Kilosa, nikadandia bodaboda hadi Mabwerebwere kwa bibi yake mchumba wangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kutokea ukweni, roho juu. Sukari na kanga kila mtu anapeleka, nikaona mimi niwe tofauti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Na huo ubao wa nini?"

"Leo usiingie jikoni, bibi. Nakupikia pizza juu ya ubao."

Bibi akacheka mpaka kanga ikamdondoka. Nikamweleza kwamba si uzushi: wenyeji wa asili wa pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini walikuwa wakipika samaki kwenye mbao za mwerezi tangu enzi, na siku hizi watu wanaweka hata pizza. Ubao unazuia moto usiguse chakula na unakipa harufu ya moshi. Akasema haya, lete.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Ubao wenyewe nilikuwa nimeuokota kwenye mabaki ya fundi seremala mmoja wa mjini, bila kuuliza. Bibi akauchukua, akaunusa, akanitazama.

"Hii imepakwa oili chafu. Kenchi za nyumba hii tulizipaka hiyohiyo, mchwa hawazigusi. Sasa unataka mimi nile kitu alichokikataa mchwa?"

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Bibi alikuwa sahihi kabisa. Mbao nyingi za ujenzi zinapakwa oili ya magari au dawa ya wadudu, na zikipata moto ile sumu inapanda kwenye chakula na kwenye mapafu. Plaiwudi nayo ina gundi. Mbao za msonobari zina utomvu unaotoa moshi mchungu. Zote hizo kaa nazo mbali.

Dawa? Nyuma ya nyumba kulikuwa na gogo la mchungwa lililokauka. Jirani akalipasua, akapiga randa, tukapata kibao kisafi cha unene wa inchi moja. Mpera nao unafaa. Tukakiloweka kwenye beseni saa mbili nzima, kwa sababu ubao mkavu unageuka kuni.

Wakati huo nikakanda unga wa ngano nusu kilo, hamira kijiko kimoja cha chai, chumvi kidogo, mafuta vijiko viwili na maji ya vuguvugu kama kikombe kimoja na robo. Ukafunikwa saa moja mpaka ukaumuka, nikaugawa matonge manne.

Sasa siri ambayo wengi hawaijui: ubao uliolowa haupitishi joto vizuri, kwa hiyo ukiweka unga mbichi, juu utaiva na chini utabaki ugali. Sukuma kama chapati, geuza kwenye kikaango kikavu pande zote mbili mpaka ianze madoa. Ndipo upake rojo la nyanya, hoho, vitunguu na jibini.

Bibi ana jiko la gesi la plate mbili, mtungi uko pembeni. Hilo ndilo linalofaa. Lile la kukaa juu ya mtungi usithubutu, maana ukilifunika kwa kitu kipana joto linarudi kwenye gesi, na hapo ni soo. Tuliliweka nje barazani, wavu wa kuchomea nyama juu, moto mdogo. Ubao ulipoanza kufuka nikaugeuza, nikaweka pizza upande uliopata moto, nikafunika kwa sufuria kubwa. Kama robo saa hivi, jibini imeyeyuka. Kopo la maji lilikuwa mkononi, na kweli kona ya ubao iliposhika moto nikainyunyizia.

Msinibishie kwamba pizza lazima iwe na tanuri. Pale Forodhani, Zanzibar, wanakunja nyama ya kusaga na yai ndani ya unga na kukaanga kwenye chuma bapa, na watalii wanapanga foleni.

Bibi alikula vipande vitatu. Akaniambia, "Mume wangu, kupika unajua. Ila kitu usichokijua kilikotoka, usikilete mezani kwangu." Nikajua haongelei ubao peke yake, maana jioni ile alinihoji ukoo wangu wote, mpaka upande wa babu mzaa mama.

Kuhusu mahari, amesema pizza haijapunguza hata shilingi.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.