Likasi: mama wa malewa ndiye anayekopesha kampuni

Saa sita za mchana, Kikula. Chini ya mwembe, mama anasonga bukari katika sufuria kubwa. Pembeni kuna sombe, kapenta na vipande vya samaki tomson. Wafanyakazi wamejaa kwenye benchi, kofia zao za kazi chini ya miguu. Wiki iliyopita nililipa franka 4,000 hapo, nikashiba mpaka usiku.

Kijana aliyeketi karibu nami hakulipa. Alisema tu: "Mama, andika." Mama akafungua kaye, akaandika. Wengi waliofuata walifanya vilevile. Mshahara wa mwezi uliopita haujatoka, waliniambia.

Jumatatu nilirudi. Benchi lilikuwa tupu. Mama hakupika: unga umeisha, na franka za kununua mwingine ziko ndani ya kaye.

Tuseme wazi. Kampuni ndogo inayofanya kazi kwa niaba ya kampuni kubwa za migodi ikichelewesha mshahara, mfanyakazi hakai na njaa kwa sababu mama wa malewa anamlisha. Lakini mama huyo ananunua unga, mafuta na makala kwa franka mkononi. Sokoni hakuna anayemwandikia deni. Unga ukipanda bei kwa sababu mpaka wa Kasumbalesa umekuwa mgumu, deni lililo kwenye kaye linabaki kwa bei ya zamani. Kwa hiyo anayekopesha kampuni si benki. Ni yeye.

Wazee wetu wanakumbuka posho. Union Minière, na baadaye Gécamines, ziliwapa wafanyakazi unga na vyakula vingine. Mpango ule ulimfunga mtu kwa kampuni, hatuutamani wote. Lakini tajiri alijua kwamba asiyekula hawezi kutoa shaba. Gécamines ilianguka katika miaka ya 1990, na kuanzia 2003 zaidi ya wafanyakazi elfu kumi waliondoka katika mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Katika nyumba nyingi, sufuria ya mama ndiyo iliyobaki kuwa mshahara.

Wengine watasema malewa ni vumbi na nzi. Mahali pengine ni kweli. Lakini dawa ya uchafu ni maji na choo, si kuvunja benchi. Mama anayetozwa kodi anastahili bomba la maji karibu naye.

Basi, kampuni zilipe kwa tarehe. Zile kubwa zisifunge macho: kabla ya kumpa mtu kazi, ziulize kama analipa watu wake. Wakubwa wa mji walete maji kwanza, ndipo watume watoza kodi.

Na sisi walaji, siku mshahara unapotoka, tupite kwa mama kabla ya kupita kwenye bia. Jina letu liko kwenye kaye yake.