Daktari, Usianze na "Umeolewa?"

Birmingham, Uingereza

Madaktari wetu wa nyumbani,

Foleni zenu nazijua, nimezikalia tangu alfajiri kadi ikiwa mkononi, kwa hiyo sikuandika kuwasuta.

Nilikuwa na miaka 19, pale Dar es Salaam, na siku zangu sijaziona miezi 5. Kila Ijumaa nilijifungia chooni na kibano, nang'oa ndevu. Shingo ilikuwa nyeusi tii. Mama aliisugua kwa dodoki na limau mpaka ikachubuka, akiamini ni uchafu. Daktari hakuitazama. Aliniuliza, "Umeolewa?" Bado. "Basi ukizaa zitakaa sawa." Nikaondoka na vidonge vya maumivu, na wala sikuwa na maumivu.

Msidhani huku nilikuta pepo. Daktari wangu wa kwanza hapa aliniambia nipungue uzito, nirudi nikitaka mtoto. Swali ni lile lile, limevaa koti la baridi tu.

Kumbe nilikuwa na sindromu ya ovari zenye vifuko vingi: jina lenyewe linapotosha. Vile vifuko si uvimbe, ni mayai yaliyokwama njiani yasipevuke. Tangu 2003 vigezo vinajulikana: hedhi zilizovurugika, homoni za kiume kuzidi, na ovari za namna hiyo kwenye altrasaundi. Mawili kati ya hayo yanatosha, mkishaondoa maradhi ya tezi na mengine yanayofanana. Mimi nilikuwa nayo mawili ya mwanzo, moja liko kidevuni! Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye tatizo hili hawajatambuliwa.

Shingo ile ilikuwa inasema insulini haifanyi kazi yake. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa 2023 unataka kila mwenye sindromu hii apimwe sukari, awe mnene au mwembamba. Na hedhi ikipotea miezi mingi, ukuta wa mji wa mimba hunenepa, na hatari ya saratani hupanda, hata kwa mwanamke asiyetaka mtoto kabisa.

Juzi mtoto wa kaka yangu kanipigia. "Shangazi, mama kaninunulia dodoki jipya." Ana miaka 17, hedhi humjia mara 3 kwa mwaka. Nimemwambia aache kusugua. Jumatatu anakuja kwenu, na hajaolewa.