Risiti ya Buluk na herufi iliyogeuka kiboksi

Mama mmoja anayeuza maharage na unga hapa Buluk, bidhaa anazozileta kutoka Uganda kupitia Nimule, alinionyesha risiti mbili za mzigo mmoja. Ya kwanza aliiandika kwa mkono, na jina la mteja lilisomeka Deŋ, kama mteja mwenyewe anavyoliandika kwa Kidinka. Ya pili ilitoka kwenye mashine. Hapo palisomeka “De”, kisha kiboksi kitupu. Mteja aliikataa. “Mama, huyu si mimi,” alimwambia. “Nikiipeleka kwa bosi wangu atauliza mzigo kaupokea nani.”

Yule mama akaandika risiti ya tatu, kwa mkono tena. Mashine aliyoinunua kwa fedha zake imerudi kwenye mfuko wake wa plastiki chini ya meza.

Wapo watakaosema haya ni makelele kwa ajili ya herufi moja. Mimi nasema ni suala la biashara, na wafanyabiashara wa mpakani tunapaswa kulishika sisi wenyewe kabla hatujaandikiwa na watu wasiotujua. Jina kwenye risiti likitofautiana na jina kwenye kitambulisho, na la kwenye kitambulisho likitofautiana na la kwenye hati ya mzigo, anayelipa gharama ni mwenye mzigo. Tunaotumia cheti rahisi cha uasili wa bidhaa cha Jumuiya, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000, tunajua afisa anavyoanza kazi: analinganisha majina.

Kwanza tuelewe kiboksi kinatoka wapi. Printa ndogo ya risiti haina kalamu wala wino. Ina kichwa chenye vitone vya moto vinavyochoma karatasi. Ile ya karatasi ya milimita 58, ambayo wengi wetu tunayo, ina vitone 8 kwa kila milimita, na sehemu inayochapika ni milimita 48, yaani vitone 384 kwa upana. Herufi yake ya kawaida ina vitone 12 kwa upana na 24 kwa kimo, ndiyo maana mstari mmoja unachukua herufi 32 tu. Herufi hizo zimechorwa kiwandani, kitone kwa kitone, zikafungiwa ndani ya mashine. Iliyochorwa itatoka. Isiyochorwa utapata kiboksi au alama ya kuuliza.

Na orodha ya zilizochorwa mara nyingi ni ya zamani sana. Mashine nyingi bado zinaanza na jedwali la herufi lililokuja na kompyuta ya IBM ya mwaka 1981. Jedwali hilo lina nafasi 256. Ndani yake mna ë na ï na ö, mna epsilon ya Kigiriki, mna hata pembe za kuchorea masanduku. Lakini ŋ haimo. Ɔ haimo. Mkikuyu anayeandika Wanjikũ hatapata ũ yake. Mganda anayeandika eŋŋoma atakwama, na Mkongo anayeandika Kilingala chenye ɛ na ɔ atakwama pia. Sisi wa Kiswahili tumesalimika kwa bahati, maana ng' yetu tunaiandika kwa alama ya kawaida iliyomo katika kila mashine.

Bahati hiyo ina historia yake. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa uliokubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, kikaandikwa kwa herufi za kawaida za taipureta. Mwaka huohuo wa 1928 ulifanyika mkutano mwingine Rejaf, kusini kidogo ya hapa Juba, ulioamua namna ya kuandika lugha za Sudan Kusini zikiwemo Kidinka, Kibari, Kinuer, Kishilluk na Kizande. Huko Rejaf alikuwapo mtaalamu Mjerumani Diedrich Westermann, na ndiko ŋ, ɛ, ɔ na ɣ zilikopewa nafasi katika vitabu vya shule. Lugha zetu ziliandikiwa kanuni mwaka mmoja. Moja ilipata herufi ambazo mashine zilikuwa nazo tayari, nyingine zikapata herufi ambazo hadi leo mashine ya risiti haizijui. Katiba ya Sudan Kusini ya mwaka 2011 inasema lugha zote za asili za nchi hii ni lugha za taifa. Mashine ya dukani haijaisoma katiba hiyo.

Tatizo la pili linatugusa wote, hata anayeandika Kiswahili kitupu. Mwaka jana nilipoteza siku nzima mpakani kwa sababu ya namba ya muamala. Niliinakili kutoka kwenye risiti iliyochapwa, nikaandika O mahali palipokuwa na sifuri. Fedha zilikuwa zimefika, lakini mwenye lori hakuziona, na lori halikuondoka. Kwenye karatasi ile sifuri na O zilikuwa yai moja. Namba 1 na herufi I zilikuwa kijiti kimoja. Namba 5 na S, 8 na B, ukizisoma jua likiwaka na karatasi ikiwa imeanza kufifia, ni kubahatisha tu.

Hapa ndipo ninapotaka kuwakumbusha wenzangu simu ya kitochi. Kenya waliiita mulika mwizi, Uganda katochi. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Kioo chake kilikuwa na vitone 96 kwa 65 tu, lakini ndicho kilichotufundisha wengi kusoma bei, salio na ujumbe wa fedha. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 ilianzia kwenye vioo vya namna hiyo. Aliyechora herufi zile alikuwa na vitone vichache mno, kwa hiyo hakupoteza hata kimoja. Jicho la mfanyabiashara wa umri wangu limezizoea kama linavyozoea mwandiko wa mwalimu wa darasa la kwanza.

Simu na kompyuta za leo hazichori herufi kwa vitone vilivyofungiwa. Zinatumia fonti za mchoro: umbo la herufi huandikwa kama mistari na mikunjo, kisha mashine hulikuza au kulipunguza kwa ukubwa wowote. Hilo ni jambo jema, maana mchoro mmoja unafaa bango na unafaa kioo cha saa. Lakini ukichukua fonti ya mchoro iliyokusudiwa kitabu, ukaibana ndani ya vitone 24 vya kimo, mikunjo yake inaangukia katikati ya vitone. Mguu mmoja wa n unatoka mnene, mwingine mwembamba. Mkia wa ŋ unavimba na kuwa doa. Kwa hiyo kuingiza fonti yoyote yenye ŋ kwenye mashine hakutoshi.

Dawa inajulikana, na imewahi kufanyika kwingine. Mwaka 1984 Susan Kare alichora kwa vitone herufi za Chicago kwa ajili ya kompyuta ya Macintosh. Baadaye Charles Bigelow na Kris Holmes walizifanya fonti za mchoro, nao walilazimika kuamua ni kona ipi ilikuwa kusudi la mchoraji na ni ipi ilikuwa ngazi tu ya vitone. Mfano ulio karibu zaidi na haja yetu ni Verdana ya mwaka 1996. Mchoraji wake, Matthew Carter, alianza na vitone, akahakikisha herufi inasomeka kwenye skrini mbovu ya wakati ule, ndipo akaizungushia mistari ya mchoro. Katika Verdana hata leo I, l na 1 hazifanani. Huo ndio utaratibu ninaoutaka kwetu: tuanze na kitone cha printa ya risiti, tumalizie na mchoro.

Fonti ya namna hiyo ikichorwa kwa ajili ya Jumuiya, ingekuwa na mambo machache ya lazima. Sifuri iwe na mkato au kitone ndani. I iwe na kofia na kiatu, 1 iwe na bendera. Iwe na herufi zote za lugha za nchi wanachama, pamoja na zile zinazobeba alama juu yake kama ɛ̈ ya Kidinka. Ŋ kubwa ichorwe kama tunavyoiandika Afrika, yaani n iliyokuzwa yenye mkia, si N ya pembe yenye mkia ambayo fonti nyingi za Ulaya huitoa kwa sababu Wasami wa kaskazini huiandika hivyo. Ni tofauti ndogo, lakini muulize mwalimu wa Kidinka kama ni ndogo. Na upana wa herufi zote uwe vitone 12, ili safu ya bei isipinde pale jina linapobadilika.

Kazi hii haianzi sifuri. Lipo shirika la SIL ambalo limetoa fonti iitwayo Andika, jina lililochukuliwa kwenye Kiswahili chetu, iliyochorwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma. Ina ŋ, ɛ na ɔ zote, na inatolewa bure kwa leseni inayomruhusu mtu mwingine kuibadilisha. Ilikusudiwa kitabu cha shule, si karatasi ya joto ya milimita 58. Lakini mchoraji wetu akiketi nayo, atakuwa na orodha ya herufi mkononi na ruhusa ya kuanza.

Najua hoja za upande wa pili. Ya kwanza inasema: acheni ŋ, andikeni ng kama pasipoti nyingi zinavyofanya. Mtu akitaka kuandika Deng mwenyewe, ni hiari yake. Ninachokataa ni mashine kumchagulia. Na ng si ŋ. Sisi tunaotofautisha ngoma na ng'ombe tungekuwa wa mwisho kusema sauti hizo ni moja.

Hoja ya pili ni kwamba kila mtu sasa ana simu kubwa, na kwenye WhatsApp herufi zote zinaonekana. Kweli. Lakini lori halivuki Nimule kwa WhatsApp. Linavuka kwa karatasi, na kwa ujumbe mfupi wa kuthibitisha malipo. Hata huo ujumbe mfupi una mtego wake: ukiandikwa kwa herufi za kawaida unabeba alama 160, ukiweka ŋ moja tu unashuka hadi 70, na anayetuma jumbe nyingi kwa wateja analipa mara mbili. Anayeandika kwa Kidinka anatozwa zaidi ya anayeandika kwa Kiswahili, na hakuna sheria ya kodi iliyopitisha jambo hilo.

Hoja ya tatu ni gharama. Hii naiheshimu. Lakini printa nyingi za sasa zinaweza kuchapa picha, siyo maandishi yaliyofungiwa tu. Programu ya simu ikitengeneza mstari kwa fonti nzuri na kuutuma kama picha, mashine ileile iliyolala chini ya meza ya yule mama itachapa Deŋ bila kubadilishwa chochote ndani yake. Itachelewa kidogo. Yule mama angeivumilia sekunde hiyo kuliko kuandika risiti ya tatu. Kinachohitaji fedha ni mchoraji wa fonti na mtu wa programu, na kazi yao ikimalizika inatumika Juba, Arua, Goma na Kigoma bila kulipiwa tena.

Nani aanze? Jumuiya ina sekretarieti Arusha, na tangu Sudan Kusini ijiunge mwaka 2016 tumesikia mengi kuhusu ushuru, vibali na mizani. Herufi sijazisikia. Mamlaka za mapato zinazoidhinisha mashine za risiti zinaweza kuweka sharti moja tu: mashine isiyochapa herufi za lugha za nchi wanachama isiidhinishwe. Muuza mashine atatafuta fonti mwenyewe siku hiyo hiyo.

Kabla ya hapo sisi tunayo nguvu ya mnunuzi. Ukienda kununua printa, Juba au Kampala au Nairobi, usiangalie kasi na betri peke yake. Mwambie muuzaji akuchapie mstari huu mbele yako: Ŋ ŋ Ɛ ɛ Ɔ ɔ ĩ ũ 0 O 1 I l 5 S 8 B. Usogeze mlangoni kwenye mwanga, usome. Ukiona kiboksi, au ukishindwa kutofautisha sifuri na O, rudisha mashine na mwambie kwa nini. Wafanyabiashara kumi wakifanya hivyo katika duka moja ndani ya wiki moja, mwenye duka ataanza kumuuliza aliyemletea.

Yule mama wa Buluk bado anaandika kwa mkono. Mwandiko wake ni mzuri na wateja wanaupenda. Lakini mwisho wa mwezi anahesabu mauzo kutoka kwenye daftari, usiku, kwa tochi, wakati mashine ingemfanyia hesabu hiyo jioni kabla hajafunga duka. Anasubiri herufi moja tu.