Kunyamaza Kwenye Kundi Si Kukubali



Siku hizi ni vigumu kuikuta parokia isiyo na kundi la WhatsApp, na mara nyingi si moja. Lipo la Halmashauri ya Walei, la kamati ya fedha, la viongozi wa jumuiya, la WAWATA, la kwaya, na lile la kamati ya jubilei ambayo jubilei yenyewe ilishapita lakini hakuna mwenye moyo wa kulifunga. Hapa seminarini nasi tunayo ya kwetu: la walezi, la ofisi, la wahariri wa jarida hili. Kwa hiyo hatuzungumzi kama watazamaji. Kazi ya Kanisa, hasa ile ya ofisini na ya kamati, sasa hupita humo kwa sehemu kubwa, na tunaona umefika wakati wa kuulizana yapi yapite humo na yapi yasipite.

Tuanze na shukrani, maana ipo. Zamani kikao cha walezi na maparoko wanaowapokea mafrateri wa mwaka wa kichungaji kilimaanisha safari. Paroko wa mbali aliamka alfajiri, akapanda basi, akalala kwa mapadre wenzake, akazungumza dakika ishirini, akageuza. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozuia mikusanyiko sehemu nyingi za dunia, ndipo wengi wetu tulipolisikia jina la Zoom, ingawa kampuni yake ilikuwa imeanzishwa na Eric Yuan tangu 2011. Sasa paroko yule anakaa chini ya mwembe ambako mtandao unashika, anasema neno lake, na jioni anakwenda kumpaka mgonjwa mafuta kigangoni.

Walimu wa kwaya nao wana la kusema. Mwalimu anarekodi sauti ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, ya tatu na ya nne, anazituma kundini, na kila mwimbaji anajifunza ya kwake akiwa anapika au anachunga duka. Mazoezi ya Jumamosi yanaanza watu wakiwa wameshaushika wimbo. Hili ni jema tupu, hatuna cha kulipunguzia.

Vikao vya mtandaoni vina adha zake, lakini nyingi ni za kuchekesha kuliko kuumiza. Robo saa ya kwanza ni "mnanisikia?" na "tunakusikia, wewe unatusikia?" Jogoo wa mjumbe mmoja anawika hadi anakaribia kuandikwa kwenye muhtasari. Umeme unakatika na mwenyekiti anaganda mdomo wazi. Mwaka 2021 Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alitaja sababu nne za uchovu wa vikao hivi: nyuso zinazokutazama kwa karibu bila kupumzika, kujiona mwenyewe muda wote, kukaa bila kujongea, na akili kutumia nguvu ya ziada kusoma ishara ambazo ana kwa ana tunazipata bila jasho. Toleo la Zoom lisilolipiwa hukata kikao cha watu wengi baada ya dakika 40. Baadhi ya mapadre wanasema hiyo ndiyo sehemu bora ya programu nzima.

Makundi ya ujumbe ndiyo yanayotutia wasiwasi zaidi.

Kwanza hayana saa. Katibu wa parokia aliyefunga ofisi saa kumi jioni anaulizwa cheti cha ubatizo saa nne usiku, na asipojibu, tiki mbili za bluu zinamshitaki kwamba ameona. Ufaransa ina sheria, iliyoanza kazi Januari 2017, inayozitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi kujadiliana nao juu ya haki ya kutojibu ujumbe wa kazi nje ya saa za kazi. Makatibu na makatekista wetu hawana wa kujadiliana naye, na wengi wao bando wanajinunulia wenyewe. Tena tangazo la msiba likitumwa saa moja asubuhi, kufikia saa tatu limefunikwa na "Amina" mia moja, na wapo wanaokosa mazishi ya jirani yao huku simu imejaa sala.

Kuna pia orodha ya michango, ambayo kila mwenye simu janja anaijua. Mweka hazina anaandika majina yote, mbele ya kila jina anaweka ahadi na kilicholipwa, anaituma kundini. Akitoa mmoja, orodha yote inanakiliwa na kutumwa upya. Huyu 50,000, yule 100,000 na alama ya vema ya kijani, mwingine 20,000. Halafu jina la mama mjane, na mbele yake kistari. Kistari hicho kinasomwa na kundi zima mara kumi kwa siku, wakiwemo wanaomdai na wanaomuuzia mkaa. Nia ya mweka hazina ni njema: anataka uwazi, na uwazi wa fedha za Kanisa sisi tunautetea. Lakini uwazi unatimia kwa kutangaza jumla iliyoingia na matumizi yake. Daftari la majina likibaki kwa mweka hazina, anayetaka kuhakiki jina lake ataonyeshwa. Tumeona watu wakijitoa kundini wiki ya michango, na baada ya hapo hata kwenye sala ya jumuiya hawaonekani. Yule mjane wa Injili, na senti zake mbili, kwenye orodha zetu angekuwa karibu na mwisho.

Kubwa kuliko yote ni maamuzi. Chukulia mwenyekiti anaandika saa tatu na nusu usiku: "Ndugu wajumbe, fundi ametupa bei nzuri ya bati, kesho asubuhi anaondoka. Mnaonaje?" Ndani ya dakika kumi yamepatikana madole gumba sita na "naunga mkono hoja" mbili. "Asanteni, tumeridhia." Wajumbe ni 19. Mmoja amelala kwa sababu alfajiri anakwenda shamba. Mwingine bando limekwisha. Watatu wameona, hawajapendezwa, lakini hawataki kumpinga mwenyekiti kwa maandishi, maana maandishi yanasambazwa. Wawili wanatumia kitochi na hawamo kundini kabisa. Hao wote watahesabiwa wamekubali, na Jumapili wataambiwa wachangie bati.

Mafrateri wanaosoma sheria za Kanisa watakumbuka kanuni ya 127. Pale sheria inapomtaka mkuu apate ridhaa ya chombo fulani, chombo hicho lazima kiitishwe kwa kufuata kanuni ya 166, nayo inataka waitwe wajumbe wote. Kamati ya kigango siyo chombo walichokifikiria wanasheria hao, na hatudai kila debe la rangi lipelekwe mahakama ya jimbo. Lakini busara iliyomo inatufaa hata kigangoni: mwenye haki ya kusema lazima kwanza aitwe, na kuitwa ni zaidi ya kutumiwa kitu akiwa usingizini.

Tunajua jibu tutakalopewa. Vikao vya ana kwa ana vinachelewesha, watu hawaji, na fundi hasubiri. Ni kweli watu hawaji. Ila mara nyingi hawaji kwa sababu wamejifunza kwamba mambo yameshaamuliwa kundini, na kikao cha Jumapili ni cha kutaarifiwa. Na mambo ya dharura halisi ni machache sana. Bati linaweza kungoja wiki moja, na fundi mwenye bei nzuri ya usiku mmoja tu anahitaji kuangaliwa mara mbili.

Tunachopendekeza si kigumu. Kundi litumike kutangaza, kukumbusha na kutuma nyaraka kabla ya kikao. Kundi la matangazo liwekwe waongozaji pekee watume ujumbe. Nafasi hiyo ipo kwenye mipangilio. Kwa jambo lisilongoja, katibu awapigie simu wale ambao hawajajibu na wale wa kitochi, na aandike walichosema.

Ninyi mafrateri mnaokwenda mwaka wa kichungaji, mtakabidhiwa uongozaji wa kundi la parokia wiki ya kwanza, kwa kuwa ninyi ni vijana na "mnajua simu." Kabla hamjapokea, ombeni orodha ya wajumbe iliyoko ofisini na mlinganishe na majina yaliyomo kundini. Wale waliokosekana, nendeni mkawasalimie nyumbani kwao.