Mawese yakishuka bei Lweba, nani anafaidika?

Kwa mama anayeingia soko la Lweba na franka chache mkononi, bei ya mawese ikishuka ni habari njema. Sombe inapata mafuta ya kutosha, maharage hayaliwi makavu, na pengine inabaki pesa ya chumvi. Lakini kwenye pwani hii ya Fizi, kati ya Mboko na Baraka, anayenunua mafuta kwa chupa na anayeyakamua mara nyingi wanalala nyumba moja. Baba anakata ngazi, mama anauza, watoto wanatafuta kuni za kuchemshia. Kwa hiyo swali la nani anafaidika mafuta yanaposhuka halina jibu rahisi kama linavyosikika kwa mtu wa mjini.

Kushuka kwenyewe si jambo geni. Kila mwaka kuna miezi ambayo ngazi zinazaa sana na miezi ambayo mtu anazunguka shamba zima akirudi na mikungu miwili. Wakati wa wingi, kila mwenye shamba anakamua siku zile zile, bidoni za lita 20 zinajipanga kando ya barabara ya RN5, na mnunuzi anayetoka Baraka au Uvira hana haja ya kubembeleza. Anataja bei yake. Ukikataa, jirani yako ana bidoni tano zinazongoja.

Kilichobadilika ni kwamba tangu mwanzo wa 2025 kushuka huku kwa msimu kunakutana na njia zilizofungwa. Februari 2025 mji wa Bukavu uliingia mikononi mwa AFC/M23, na mstari wa vita ukakata bonde la Ruzizi kati ya Kamanyola na Uvira. Bukavu ndiyo mlaji mkubwa wa Kivu Kusini. Serikali ya jimbo ilihamia Uvira, mabenki ya Bukavu yakafunga milango, na mfanyabiashara aliyezoea kupakia mawese kwenye lori akalazimika kufikiri mara mbili. Kisha Desemba 2025 vita vikafika Uvira penyewe. Watu walikimbilia Burundi, wengine wakashuka kusini kuelekea Fizi na Baraka, na wapiganaji wakaondoka mjini humo Januari 2026 baada ya shinikizo la mataifa.

Njia ikikatika, mafuta yale yale yanapata bei mbili. Upande wa mzalishaji bei inaanguka, maana mafuta hayana pa kwenda. Upande wa mlaji wa mbali bei inapanda, maana hayafiki. Na mambo hayaishii hapo: gari au boti isiyopeleka mafuta haileti pia sukari, chumvi, nguo wala madaftari. Mkulima wa Lweba anapigwa pande mbili, kwa kile anachouza na kwa kile anachonunua. Ndiyo maana bei ya bidoni peke yake haituambii mengi. Afadhali tuulize bidoni moja inanunua nini: kilo ngapi za unga, mita ngapi za kitenge, sehemu gani ya minervali ya mtoto wa sekondari.

Hata pale ambapo barabara ni wazi, haiko bure. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walihesabu karibu vizuizi 800 vya barabarani katika Kivu zote mbili, vingi vikishikwa na watu wenye silaha, wa serikali na wasio wa serikali. Bariyeri haiangalii bei ya soko. Anayetoza pesa kwa kila bidoni anatoza ile ile bidoni iwe ghali au rahisi. Mnunuzi anajua gharama hiyo kabla hajaondoka Baraka, na anaitoa kwenye bei atakayomtajia mkamuaji. Mwishowe mwenye ngazi ndiye anayelipia bariyeri ambayo hajawahi hata kuipita.

Tuifanye hesabu polepole, kwa mfano tu, maana bei za kweli zinabadilika kila soko. Mtu mmoja anapata bidoni 10 katika msimu. Anamlipa mkata ngazi anayepanda na mkanda, anawalipa wabebaji, anawalipa vijana wanaozungusha mkono wa pipa la kukamulia, ananunua kuni. Bei ikiwa nzuri, anauza bidoni 3 kulipa gharama hizo na kubaki na 7. Sasa bei inagawanyika kwa mbili. Vijana wa pipa hawajapunguza malipo yao, na kuni hazijashuka. Itabidi auze bidoni 6 kulipa kazi ile ile. Anabaki na 4, na hizo 4 zina thamani ya 2 za zamani. Bei imeshuka kwa nusu, lakini faida yake imetoka 7 ikafika 2. Zaidi ya theluthi mbili zimekwisha.

Baadhi ya wenye mashamba wanakwepa shida hiyo kwa kulipa kazi kwa mafuta. Ni akili, lakini shida haijatoweka, imehamia kwa kibarua. Kijana anayepewa sehemu yake ndani ya bidoni anakwenda nayo sokoni na kukuta haitoshi unga wa siku mbili. Huyo naye ni mnunuzi wa soko la Lweba. Asiponunua samaki, mvuvi anahisi. Asiponyoa nywele, kinyozi anahisi. Katika kijiji ambacho mawese ndiyo pesa kubwa, bei yake ikianguka soko zima linapoa, hata kwa wasiokuwa na shina moja la ngazi.

Kuna wanaopata nafuu ya kweli, na si haki kuwasahau. Aliyekimbia vita akapokelewa na ndugu zake, asiye na shamba, anayeishi kwa franka za kazi ya siku, huyo anahitaji mafuta ya bei ndogo. Vivyo hivyo wakimbizi wa Burundi walioko Lusenda, kambi iliyofunguliwa 2015 katika wilaya hii hii ya Fizi. Misaada ya chakula mashariki mwa Kongo ilipunguzwa sana mwaka 2025 kwa kukosa pesa za wafadhili, na mafuta ni kati ya vitu vya kwanza kuondoka kwenye sufuria ya mtu asiye na kitu. Kwao kila franka iliyoshuka ni chakula.

Lakini hata wao hawapati kushuka kote. Kati ya pipa la kukamulia na chupa ya sokoni kuna mama mchuuzi, na mama huyu mara nyingi amenunua bidoni kwa mkopo. Bei ikianguka akiwa bado hajamaliza kuuza, anauza kwa bei ya zamani mpaka bidoni iishe, vinginevyo anakula mtaji. Hatuwezi kumlaumu. Ila ndivyo inavyotokea kwamba bei ya mkamuaji inashuka leo na bei ya chupa inashuka wiki mbili baadaye, tena kidogo.

Jambo hili si la Fizi peke yake. Hispania, nchi inayotoa mafuta ya zeituni kuliko zote duniani, ilipigwa na ukame 2022 na 2023, na mwanzoni mwa 2024 kilo moja ya mafuta hayo ilifika karibu yuro 9 kwa bei ya wazalishaji. Mvua ziliporudi na mavuno kuwa mazuri, bei hiyo ilianguka hadi chini ya yuro 4 kufikia majira ya kuchipua ya 2025. Wanunuzi wa Ulaya walingoja kuona nafuu kamili dukani, huku wenye mizeituni wakilia kwamba bei haitoshi tena.

Tofauti iko kwenye mapipa. Mkulima wa Jaén anapeleka zeituni zake kwenye kiwanda cha ushirika chenye matangi makubwa, na mafuta yanaweza kungoja. Bei ilipoanguka 2019, Umoja wa Ulaya uliwalipa wenye mafuta ili wayaweke ghalani kwa miezi kadhaa yasijae sokoni. Mkulima wa Lweba ana bidoni za plastiki nyuma ya nyumba, mtoto aliyefukuzwa shuleni kwa minervali, na deni.

Deni hilo ndilo linalofunga mlango wa kungoja. Miezi ya uhaba, mfanyabiashara anamkopesha mwenye shamba pesa kidogo, na wanakubaliana kwamba atalipwa kwa mafuta wakati wa mavuno, kwa bei iliyopangwa siku ya mkopo. Bei hiyo ni ya chini hata kuliko ile ya msimu. Kwa hiyo mafuta mengi ya Lweba yanauzwa yakiwa bado juu ya mti. Watu wanapozungumza juu ya kuwaelimisha wakulima wasiuze haraka, mimi huona wanazungumza na mtu asiye na uchaguzi. Mwenye njaa ya Machi hawezi kusikiliza ushauri wa Oktoba.

Kinachowezekana ni kidogo zaidi, lakini kipo. Mawese yaliyotengenezwa vizuri hukaa miezi. Yanayoharibika haraka ni yale yaliyotokana na ngazi zilizorundikwa siku nyingi ili zipukutike kirahisi, na yale ambayo maji hayakutolewa yote kwa kuchemsha. Ngazi zilizopondeka na kulala zinaongeza asidi, na mnunuzi mzoefu anaonja na kuyapeleka upande wa sabuni kwa bei ya sabuni. Kukamua mapema, kuchemsha mpaka maji yaishe, kuchuja, kujaza bidoni safi hadi juu isibaki hewa, kuiweka mahali penye giza: hakuna mradi wa mamilioni hapo. Kikundi cha watu kumi wenye chumba kimoja kinachofungwa kwa kufuli kinaweza kuweka bidoni chache kila mmoja na kuuza pamoja miezi ya uhaba. Wasiweke zote, maana zote hawawezi. Bidoni mbili kwa kila mtu tayari zinabadilisha mazungumzo na mnunuzi.

Sabuni nayo ni njia ya kutokea, ingawa si nyepesi kama inavyosemwa. Mafuta yakiwa rahisi, sabuni ya kienyeji ina faida. Lakini soda kostiki inatoka nje ya nchi na inanunuliwa kwa dola, na njia ikifungwa inakuwa adimu wakati ule ule mafuta yanapojaa.

Hapa kuna jambo la pesa ambalo limewachanganya wengi. Mwanzoni mwa 2025 dola moja ilizidi franka 2,800. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya 2,500. Mfanyabiashara anayehesabu kwa dola anaweza kushusha bei ya bidoni kwa franka na kusema kwamba kwake haijashuka. Anasema kweli. Ila mkata ngazi hapokei dola, na bidhaa za dukani hazikukimbilia kushuka pamoja na dola. Upande wa pili wa ziwa, faranga ya Burundi imepoteza nguvu kwenye soko la mitaani, na Mrundi anayevuka kutafuta mafuta anakuja na mfuko mwepesi kuliko zamani. Isitoshe, Rumonge, ng'ambo yetu tu, ni nchi ya ngazi pia.

Halafu kuna mafuta yaliyosafishwa yanayotoka Asia. Machi 2022 tani moja ya mawese katika soko la dunia ilipita dola 1,700. Indonesia ikafunga mauzo ya nje kutoka Aprili 28 hadi Mei 23 mwaka huo, wakulima wake wakaandamana kwa kuwa mikungu ilikosa wanunuzi, na 2023 wastani wa bei haukufika dola 900. Mafuta ya Asia yakiwa rahisi, mlaji wa mjini anayachukua, na bei ya mawese yetu haiwezi kupanda sana juu yake.

Inauma zaidi ukikumbuka kwamba ujuzi ulioitajirisha Asia ulipatikana huku kwetu. Ni katika kituo cha Yangambi, kando ya mto Kongo, watafiti walipothibitisha kwamba ngazi ya kokwa nene, dura, ikichanganywa na pisifera isiyo na gamba la kokwa, inazaa tenera yenye nyama nyingi. Matokeo yao yalichapishwa 1941. Tenera inatoa mafuta zaidi kwa asilimia 30 hivi kuliko dura. Malaysia na Indonesia zikapanda tenera. Kigoma, ng'ambo ya ziwa, serikali ya Tanzania ilianza 2018 kampeni ya kugawa miche yake kutoka kituo cha Kihinga. Mashamba mengi ya pwani ya Fizi bado ni ya miti mizee iliyopandwa na mababu, mirefu kiasi kwamba mkata ngazi anadai malipo makubwa kwa sababu ya hatari ya kuanguka.

Bei ikiwa chini hakuna anayeng'oa mti mzee kupanda mpya, maana mche unangoja miaka mitatu au minne kabla ya mkungu wa kwanza, na katika miaka hiyo familia inakula nini? Wengine wanafyeka ngazi na kuweka muhogo. Hao hawatakuwa na mafuta ya kuuza bei itakapopanda, na mama wa soko la Lweba atayanunua kutoka Rumonge au Kigoma.