Staa wa Kanazi: moshi wa Scotland anausifia, wa kwao anabana pua!

Kuna staa mmoja mjini, kwao Kanazi kule Bukoba, juzi kati kaposti video akionja Laphroaig. Kanusa, kafumba macho: "Nasikia moshi." Mashabiki wakamwaga makopakopa.

Moshi upo kweli. Kisiwani Islay, shayiri iliyochipua hukaushwa kwa moshi wa udongo wa kinamasi, unaochimbwa na kuchomwa kama kuni. Kisha pombe hulazwa kwenye mapipa ya mwaloni, isipungue miaka 3.

Huyohuyo Krismasi alipewa lubisi na bibi yake, akabana pua. Eti ya kishamba! Ndizi zimeivishwa juu ya moshi wa jikoni, zikakanyagwa kwa miguu kwenye mtumbwi wa mti, zikatiwa mtama, zikalala. Huo si moshi?

Na lubisi ikichemshwa, mvuke ukakingwa, inatoka gongo, kesi ya polisi. Gongo isiyopimwa inaua, hapo hakuna ubishi. Ila hata Scotland walipika kwa kujificha mpaka sheria ya mwaka 1823 ikaleta leseni ya pauni 10. Wakatoka vichakani, leo wanamuuzia mjukuu wa Kanazi.

Staa ana wafuasi kibao. Lubisi ya bibi hajaiposti hata mara moja.